Sindano ya Baridi

Marehemu alikuwa mtu wa kumi na tisa kwenye foleni.

Sajini Uweso aliweka kidole juu ya jina lake katika daftari la zahanati ya Mzambarauni, akasoma kwa sauti. "Kristofa. Mkata mkonge. Miaka thelathini na mmoja. Buba. Penisilini, sindano moja, tako la kulia." Akainua macho. "Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, afande."

"Na mkono uliomdunga?"

"Wangu vilevile."

Aliyejibu alikuwa Noa, dresa wa zahanati hiyo, kijana wa Kishambaa aliyeletwa hapo miaka mitatu nyuma kutibu wafanyakazi wa shamba la mkonge na wanavijiji wa upande wa Mwera. Koti lake jeupe lilikuwa limekunjwa mezani. Meneja wa shamba alikuwa amemkataza kulivaa.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuieleza. Siku ya Alhamisi, wiki mbili na siku moja zilizopita, watu arobaini na watatu walipanga foleni kudungwa sindano ya buba. Kabla ya wiki kwisha, kumi na mmoja kati yao walivimba palepale walipodungwa, wakatunga majipu makubwa kama ngumi. Kumi walikuwa bado wanauguzwa. Kristofa alikufa kwa homa siku ya tisa. Inspekta wa Tanga alimpa Uweso mpaka Jumatatu adhuhuri. Kama hakuna jibu jingine, Noa angepandishwa kizimbani kwa kuua kwa uzembe, na mlango wa zahanati ungetiwa kufuli siku hiyohiyo. Penisilini nyingine iliyokuwa karibu ilikuwa safari ya kutwa nzima kwa miguu.

Leo ilikuwa Ijumaa.

"Nionyeshe dawa," Uweso alisema.

Noa alifungua kabati, akatoa chupa ndogo, akaitikisa. Ndani yake dawa ilikuwa nyeupe kama tui la kwanza. "Chupa moja ni watu kumi. Afande, umewahi kuona buba ikipona?"

Uweso alijishika goti la kushoto. Hapo alikuwa na kovu pana kama jani la mkungu. Alikuwa nalo tangu utoto wake Tongoni, ambako mama yake alimpaka vidonda vya buba mrututu unaochoma miaka miwili, asubuhi na jioni, na kila alipopakwa majirani walisikia.

"Mtoto analetwa hapa amejaa vidonda," Noa alisema. "Inzi wanamtembea. Mama yake amemfunika kanga kwa aibu. Unamdunga mara moja tu. Siku ya kumi analetwa tena, unamtafuta mgonjwa humwoni. Ngozi kama yai lililomenywa. Nimedunga mamia, afande, na mpaka leo nikiwaona siku ya kumi, huwa sina la kusema."

"Huenda safari hii dawa ilikuwa mbovu. Au ilibadilishwa."

"Huenda," Noa alisema, lakini alisema kama mtu anayekubali kwa adabu.

Uweso alichukua penseli, akatia alama ya msalaba pembeni mwa kila jina la aliyeugua. Wa kumi na saba. Wa kumi na tisa. Wa ishirini. Wa ishirini na mbili. Aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akakaa akiitazama misalaba ile.

"Chupa ya pili ilianza na nani?"

"Mtu wa kumi na moja."

"Ikaisha na wa ishirini. Sasa tazama. Kuanzia wa kumi na moja mpaka wa kumi na sita, hakuna hata mwenye kipele. Wa kumi na saba ana jipu. Wa kumi na tisa yuko kaburini. Wote wamekula chupa moja. Dawa haiwezi kuwa njema kwa sita wa kwanza ikaharibika kabla ya wa saba." Aliifunga penseli ndani ya daftari. "Dawa tuiache. Nipikie sindano, kama ulivyozipika siku ile."

Walitoka kwenye baraza ya nyuma. Kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, sufuria, koleo ndogo ya chuma na saa ya mezani yenye kengele. Noa aliwasha jiko, akatia ndani ya maji mabomba sita ya kioo na sindano zake. Maji yalipoanza kutokota alitazama saa, akakaa.

"Siku ile sikupika mimi," alisema. "Nilikuwa ndani nadunga. Anayepika ni Bi Mwamvua, mhudumu wetu. Nilimfundisha mwenyewe. Dakika ishirini tangu maji yatokote. Hapunguzi hata moja, afande, anaitazama saa hiyo kama anangoja mwandamo wa mwezi."

"Yuko wapi?"

"Kwa mjane wa Kristofa. Tangu mazishi yupo kwake, anampikia."

Dakika ishirini zilipokwisha Noa aliyatoa mabomba kwa koleo, moja moja, akayalaza kwenye sinia. Mvuke ulikuwa ukipanda. Uweso aligusa moja kwa ncha ya kidole, akautoa mkono haraka.

"Watu arobaini na watatu, mabomba sita."

"Ndiyo yaliyopo. Likitoka kwa mtu linarudi jikoni."

Uweso alilifungua kasha la bati ambamo mabomba yalihifadhiwa. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Alikiinua, akakinusa, akakinusa tena.

"Hii harufu ya nini?"

Noa alinusa. "Sijui, afande. Ni kama kanisa la Wakatoliki."

"Ubani," Uweso alisema.

Alikirudisha kitambaa polepole. Katika miaka yake kumi na minne ya upolisi, ubani ulipokuwa mahali usipotakiwa, palikuwa na mtu aliyepita hapo akisoma maneno. Na katika eneo lile lote alikuwapo mtu mmoja ambaye penisilini ilimwondolea wateja.

*

Mzee Zubeiri alikuwa amekaa sokoni Mwera nyuma ya mizizi yake, magome yake na chupa za mafuta ya nyonyo. Alimwona Uweso akishuka kwenye baiskeli, akasogeza mkeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sajini kutoka Tanga kaja mpaka kwangu. Mgongo au mke?"

Wanawake wawili waliokuwa wakiuza muhogo walicheka.

"Zamani ulikuwa ukitibu buba, mzee."

"Nikitibu. Siku hizi natibu wivu na tumbo. Buba kaichukua yule kijana wa milimani."

"Na hukuona vibaya?"

"Niliona vibaya sana. Ulitaka nifurahi?"

"Kuna ubani kwenye kasha la sindano zake."

Mzee Zubeiri aliacha kutabasamu. Alimtazama Uweso kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo Uweso hakulitazamia. Aliinuka nusu, akageuka, akaipandisha kanzu mpaka kiunoni na kujipiga tako la kulia juu ya msuli.

"Unaona jipu hapa?"

"Sioni, mzee. Kaa, watu wanatazama."

"Waache watazame. Mimi nifukize sindano? Mwenyewe nimedungwa siku hiyohiyo. Buba ya mguu, mwaka mzima naitibu kwa dawa zangu, haisikii. Soma daftari lako."

Uweso alilifungua. Jina la nne: Zubeiri, mkulima.

"Umejiandikisha mkulima."

"Ulitaka niandikishe mganga? Wateja wangu wasikie?" Aliupandisha msuli, akaonyesha muundi. Ngozi ilikuwa laini na nyeusi, mpya kabisa katikati ya ngozi ya kizee. Alipitisha kidole juu yake taratibu, na sauti yake ikashuka. "Tazama, mwanangu. Babu yangu alikuwa mganga, na baba yangu. Hakuna kati yetu aliyewahi kufanya hivi. Nimekasirika, siwezi kukuficha. Lakini usiku naamka, nawasha taa, nautazama mguu wangu."

Uweso aliutazama pia.

"Kuna kitu chochote ulichokiona siku ile?"

"Niliona moto. Ile sindano ilikuwa kama kaa. Nilimwambia, kijana, unanidunga au unanipiga chapa kama ng'ombe? Foleni nzima ikasikia. Wanawake wakaanza kunung'unika, mtoto mmoja akakimbilia migombani."

Uweso aliinuka, akashika baiskeli, kisha akasita.

"Sindano yako ilikuwa ya moto."

"Nimekwambia, kaa."

*

Mchana ule alipita nyumba kumi na nane, kambini kwa wafanyakazi na vijijini, na kila mahali aliuliza swali moja tu. Wengine walimwona kama ana wazimu.

Mtu wa pili: moto. Wa saba: moto, mpaka machozi. Wa kumi na nne, mama mnene mcheshi: "Moto, Sajini, nikamwambia mume wangu leo usinisogelee." Wa kumi na sita: moto.

Wa kumi na saba alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha kamba. Bandeji yake ilikuwa imelowa, na usaha uliotoka ulikuwa na rangi ambayo Uweso hakuwahi kuiona kwenye kidonda cha mtu. Ulikuwa wa kijani, kijani ya buluu kidogo, kama shaba iliyolala mvuani.

"Ilikuwa ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi," mgonjwa alisema. "Nilishangaa. Wenzangu walitoka wakiruka."

Wa ishirini: baridi. Wa ishirini na mbili: baridi. Usaha wa wote ulikuwa na kijani ileile.

Sajini alisimama njiani katikati ya mistari ya mkonge, akalifungua daftari juu ya usukani wa baiskeli. Alipiga mstari mmoja chini ya jina la kumi na sita. Juu ya mstari, moto na hakuna msalaba. Chini ya mstari, baridi, na misalaba yote. Kati ya mtu wa kumi na sita na wa kumi na saba kitu cha moto kilipoa ghafla, na kitu cha moto hakipoi kwa kuombwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibiana, mjane. Alikuwa amekaa mlangoni na nguo nyeusi, mtoto wa mwaka mmoja mapajani. Mtoto alikuwa na vidonda vya buba kuzunguka mdomo na kwenye shingo.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa, kaka."

"Huyu hakudungwa siku ile?"

"Alikuwa amelala. Nikasema nitamleta wiki inayofuata." Aliwafukuza inzi. "Sasa nasikia hamna wiki inayofuata."

"Mume wako alipodungwa ulikuwa naye?"

"Nilimshika mkono. Alikuwa mwoga wa sindano kuliko mtoto. Akaniambia, mama Anjela, usiogope, ya baridi hii, ni kama kuguswa na samaki." Alimvuta mtoto kifuani. "Alikuwa anacheka."

Kutoka uani alitokea mwanamke wa makamo, kanga mbili safi, bakuli la uji mkononi. Alimpa Bibiana, akamfunika mtoto, kisha ndipo akamtazama mgeni.

"Shikamoo, mama. Mimi Sajini Uweso. Bila shaka wewe ni Bi Mwamvua."

"Marahaba, mwanangu. Umetembea juani, midomo imekukauka. Njoo kwangu hapo, usimsumbue mwenzio. Nitakujibu yote."

Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini. Pembeni mwa chumba, juu ya kigae, ulikaa mtungi mkubwa mweusi wenye kifuniko cha ukili. Mwamvua alichota kwa kata, akampa kwa mikono miwili.

Uweso alikunywa yote bila kupumua. Maji yalikuwa baridi, na utamu wake haukuwa wa sukari. Ulikuwa wa moshi. Ulikuwa wa nyumba ya mama yake, wa harusi na wa Idi.

Kata ilibaki mdomoni mwake.

"Umeufukiza mtungi," alisema.

"Kila Jumatano. Nauinamisha juu ya chetezo mpaka ushibe ubani, ndipo natia maji. Mimi ni mtu wa Pangani, mgeni simpi maji matupu."

"Bi Mwamvua. Siku ile ya foleni, sindano zilikuwa za moto."

"Moto sana, maskini. Watu wakanung'unika, mtoto akakimbia. Nikasema hapana, mgonjwa ni mgeni, hapokewi kwa kuunguzwa. Nikaja mbio hapa, nikachota bakuli. Zikishaiva dakika zake ishirini, nazitumbukiza, chwaa, zinapoa. Nazifuta kwa kitambaa, nampelekea Noa." Alisema hivyo kwa fahari, na uso wake ulikuwa mzuri. "Si maji ya kisima, mwanangu. Ya kisima anakunywa kila mtu na mbuzi wake. Niliwapa haya."

"Noa alijua?"

"Atajuaje, yuko ndani? Alisema tu, leo zimepoa vizuri, Bi Mwamvua."

Uweso aliiweka kata chini taratibu, kama chombo kinachoweza kulipuka. Alizaliwa ndani ya harufu ile. Ndiyo sababu aliinusa kwenye kitambaa akaenda kumtafuta mchawi.

"Naomba nichukue maji haya kidogo," alisema. "Kwenye chupa ya Noa, iliyochemshwa."

"Chukua mpaka uridhike," alisema Mwamvua.

*

Lori la mkonge lilimfikisha Tanga alasiri, akiwa na chupa mbili za maji, ya mtungi na ya sufuria ya Noa, na kipande cha bandeji ya mtu wa kumi na saba. Ernesti, mpima wa maabara, alikuwa anafunga dirisha ili arudi kwake Makorora. Alimsikiliza Uweso amesimama, kisha akalifungua dirisha tena.

"Umeyanywa?" aliuliza.

"Kata nzima."

"Matamu?"

"Sana."

Ernesti alidondosha tone moja kwenye kipande cha kioo, akalifunika kwa kioo chembamba kama ganda la kitunguu, akakiingiza chini ya hadubini. Aligeuza gurudumu dogo kwa kidole kimoja. "Funga jicho moja. Usipumulie kioo."

Uweso aliinama. Kwanza aliona mwanga mtupu. Halafu mwanga ule ukaanza kutembea.

Walikuwa wengi kuliko watu wa soko. Vijiti vidogo vilipita vikikata huku na huku, vikigongana, vikigeuka, kila kimoja kikiwa na haraka zake. Katikati yao alipita mmoja mkubwa, mviringo, mtaratibu kama pantoni, akiwasukuma wadogo kando. Uweso aliinua kichwa, akaitazama chupa ya maji ya mtungi. Maji yalikuwa meupe, safi, yametulia. Aliinama tena. Walikuwepo.

"Wote hawa wako ndani ya tone?"

"Nusu ya tone."

"Na dunia nzima iko hivi?"

"Maji yote yasiyochemshwa. Jasho lako. Kucha zako. Mate tunayoyatema tukisema." Ernesti alikuwa amezoea, lakini aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada ya wenzake. "Mwezi wangu wa kwanza hapa sikuweza kula kwa mkono."

"Subhanallah," Uweso alisema, na hakuinua jicho mpaka alipoguswa bega.

"Lakini mtungi ulifukizwa," alisema.

"Moshi unapendeza pua. Hawa hawana pua."

"Nami nimeyanywa. Mbona sijafa?"

"Tumbo lina walinzi wake, limezoea wageni. Ukiyadunga ndani ya nyama, umewapitisha mlango ambao hauna mlinzi. Na wapo ambao penisilini hawaijali kabisa. Ila hili ni neno langu tu, Sajini. Hakimu atataka kuona."

Alitoa visahani vitatu vya kioo. Ndani yake mlikuwa na kitu kilichoganda kama halua, kilichopikwa kwa mwani wa baharini. Cha kwanza alikipaka maji ya sufuria ya Noa. Cha pili, maji ya mtungi. Cha tatu, usaha kutoka bandeji ya mtu wa kumi na saba. Akaviandika nambari tu, akaviweka kwenye kabati la joto.

"Tuwape chakula na tuwaache," alisema. "Jumapili, baada ya misa."

Jumapili Uweso alifika kabla ya misa kwisha, akangoja kizingitini. Ernesti alikuja na tai yake, akafungua kabati, akavipanga visahani juu ya karatasi nyeupe.

Cha kwanza kilikuwa safi kama kilivyowekwa. Cha pili kilikuwa kimegeuka rangi, kijani ya buluu, kama shaba iliyolala mvuani. Cha tatu kilikuwa hivyohivyo. Uweso alivibadilisha mahali, akafumba macho, akafumbua. Hakuweza kusema ni kipi kilitoka mtungini na kipi kilitoka kwa mtu.

"Viumbe hawa," alisema polepole, "wameandika jina lao wenyewe."

Alasiri Inspekta aliitwa kutoka nyumbani. Alitazama visahani, akatazama ndani ya hadubini kwa muda mrefu, akasema kwamba uzembe ni wa mtu aliyejua akapuuza, na hapa hakuna aliyejua. Hakutakuwa na kizimba. Lakini meneja wa shamba, alipopigiwa simu, hakuwa na haja ya visahani. Zahanati isiyoaminiwa na mtu haina kazi, alisema. Kama Jumatatu mpaka adhuhuri hakuna mgonjwa hata mmoja atakayekubali sindano, karani wake ataufunga mlango.

*

Jumatatu saa nne watu walikuwa wengi, lakini walikaa mbali, ng'ambo ya uwanja, chini ya ukuta wa ghala. Karani wa meneja alisimama barazani na kufuli mkononi. Mzee Zubeiri alikuwepo. Noa alikuwepo, bila koti.

Uweso alikuwa amemwita Mwamvua mapema, peke yake. Alimwonyesha visahani, akamweleza kwa maneno machache, bila kupunguza. Mwamvua hakulia. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Haya yalikuwa ndani ya mtungi wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nilimnywesha mama yangu siku alipokata roho."

"Kumnywesha hukukosea. Kosa lilikuwa kwenye sindano tu."

"Basi nitawaambia mwenyewe," alisema.

Alivuka uwanja na kisahani cha kijani mkononi. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya Bibiana, akapiga magoti.

"Mwanangu, mumeo hakuuawa na dawa wala na Noa. Nilizipoza sindano kwa maji ya kunywa, na ndani yake walikuwemo hawa. Ni mkono wangu."

Noa alifika nyuma yake.

"Si wake peke yake," alisema. "Nilimwambia achemshe dakika ishirini. Sikumwambia kwa nini. Nilidhani kila mtu anajua. Angejua kwa nini, asingezitia kwenye maji."

Bibiana alikipokea kisahani. Alikigeuza kwenye jua, na rangi ile ikang'aa kama shanga. Alikitazama muda mrefu sana, mtu asingejua kama anakitazama au anamtazama Kristofa.

"Wazuri," alisema mwishowe. Kisha akamwonyesha Noa mtoto aliyempakata, akauliza, "Huyu nikimwacha hivi?"

"Buba itaingia kwenye mifupa. Miguu itapinda."

"Dawa ya kuwazuia hawa ni nini? Mashine?"

"Hakuna mashine. Sindano zikishachemka unamwaga maji, unafunika, unangoja zipoe zenyewe. Basi."

"Kungoja tu."

"Kungoja tu."

Bibiana alimrudishia Uweso kisahani, akasimama, akamweka mtoto begani. "Nani atachemsha?"

"Mimi," Noa alisema.

"Hapana. Wewe ulijua ukanyamaza. Achemshe yeye." Alimtazama Mwamvua, ambaye alikuwa bado amepiga magoti. "Inuka, Bi Mwamvua. Tangu leo hakuna mtu katika nchi hii atakayeyaogopa maji kama wewe."

Mwamvua aliinuka. Alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akawasha jiko. Maji yalitokota, akaitazama saa. Dakika ishirini zilipokwisha alizuia mabomba kwa mfuniko, akamwaga maji yote chini, akafunika, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kuificha mikono ndani ya kanga.

Mmoja baada ya mwingine watu walivuka uwanja. Walikuja wakasimama kuizunguka sufuria, karani miongoni mwao. Mzee Zubeiri alivua kofia. Walitazama mfuniko wa bati ambao haukufanya chochote, wakijua sasa kilichokuwa nje yake, kwenye upepo, kwenye mikono yao wenyewe. Uweso aliona kwamba wote walikuwa wanapumua taratibu.

Mwamvua aligusa ubavu wa sufuria kwa nje. Akangoja. Akagusa tena.

"Tayari," alisema.

Noa alikunjua koti, akalivaa. Mtoto alipodungwa alipiga kelele iliyofika mpaka mwisho wa mkonge, na nyuma ya Bibiana foleni ilikuwa imeshajipanga.